Eka Moja Isitutishe

Haya ni maneno yaliyosomwa na Katibu wa Tawi mbele ya mkutano wa wanachama wa ushirika wetu, hapa Kikuyu, Dodoma, mwezi wa Mei. Yamebandikwa ukutani ili asiyekuwapo asome mwenyewe, na asiyejua kusoma asomewe na jirani yake bila kuchekwa.



Ndugu wananchi, leo hatukuja kusema habari za michango wala za sare. Tumekuja kusema habari ya woga. Ndiyo, woga. Lipo shamba letu kule chini karibu na korongo, eka moja kamili, hatua sabini kwa hatua sabini. Tulilipewa kulima kwa makubaliano ya miaka mitatu. Mwaka mmoja umekwisha kuliwa na hasara, na sasa majani yamelifunika. Kila tukipita pale, sisi viongozi na ninyi wanachama, tunageuza uso upande wa pili kama mtu aliyemwona mdai wake njiani.

Sasa mwenye shamba ametuuliza swali moja tu: mnalima au hamlimi? Jibu analitaka kabla ya mwisho wa mwezi huu. Wala hatumlaumu. Ninyi wenyewe mnaona. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma yote, na mji ulipotangazwa kuwa jiji mwaka 2018, ardhi ilibadilika sura. Sensa ya 2012 ilikuta watu laki nne na kitu katika Dodoma yetu hii. Ile ya 2022 imekuta zaidi ya laki saba. Wanunuzi wa viwanja wanapita huku kila juma. Sisi bado tunaitana wanakijiji kwa sababu tunakula kwa jembe, lakini jiji limekwisha fika mlangoni. Shamba lile tukilirudisha, halitarudi tena kuwa shamba. Litapimwa, litawekwa mawe ya mipaka, na baada ya miaka miwili tutalionyesha kwa kidole: pale palikuwa petu.

Basi tujiulize. Kwa nini hatulimi? Mbegu zipo sandukuni. Majembe tunayo. Soko tunalo, maana watu wote hao laki saba wanataka mchicha na nyanya, na Majengo siyo mbali. Kinachotuzuia ni kwamba tunaiogopa eka ile. Tukisimama pembeni tukaitazama yote kwa mpigo, moyo unashuka. "Eka nzima! Nani atamwagilia? Nani atapalilia? Tukishindwa tena watu watatuonaje?" Hayo tumeyasikia, na sisi wenyewe tumeyasema usiku tukiwa tumelala.

Tuanze kwa kusema ukweli kuhusu mwaka jana, maana kidonda kinachofunikwa hakiponi. Mwaka jana sisi wa kamati tulikosea. Tulisimama hapa hapa, tukapiga makofi, tukasema "Shime, wananchi!", tukawaamrisha muchimbe matuta mia moja kwa siku mbili. Mlichimba. Mikono ilitoka malengelenge, na matuta yalikuwa mazuri, hakuna wa kubisha. Kisha tukasia mbegu zote kwa pamoja. Juma la kwanza raha, kijani kitupu. Juma la tatu kisima kikaanza kutoa tope. Juma la sita vitunguu vimelala chini, nyanya zimekunja majani, na sisi wa kamati tukawaambia kwamba hamkujituma. Jamani, lile halikuwa neno la haki. Mlijituma. Sisi ndio hatukupima. Tuliagiza kwa mdomo kitu ambacho kingepaswa kupigiwa hesabu kwa kalamu. Tunaomba radhi mbele ya wote, na tunataka maneno haya yaandikwe ukutani hivyo hivyo yalivyo.

Wapo wanaotutia moyo kwa ule msemo wa siku hizi, woga wako ndio umaskini wako. Ni msemo mzuri kwa mtu aliyekaa tu. Lakini wazee nao walisema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Sasa tushike lipi? Sisi tunasema hivi: woga siyo adui wa kufukuzwa kwa fimbo. Woga ni swali ambalo halijajibiwa. Ukilijibu, unaondoka wenyewe. Ukilifunika kwa makofi, litakungoja kisimani.

Angalieni wazee wetu wa Ugogo. Nchi yetu hii inapata mvua ya kati ya milimita 500 na 600 tu kwa mwaka, na yote inanyesha kuanzia Desemba mpaka Aprili, ikipenda. Wazee walisimuliwa na wazazi wao habari za Mtunya, ile njaa kubwa ya miaka ya 1917 hadi 1920, wakati vita vya wakubwa vilipopita hapa vikachukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua nayo ikakataa. Mtu aliyesikia habari zile haweki chakula chote mahali pamoja. Ndiyo maana wazee walilima kishamba hapa na kishamba kule, kimoja mbugani, kimoja kwenye kichanga, wakapanda uwele na mtama badala ya kutegemea mahindi peke yake, na mifugo mingine wakaiweka kwa ndugu na marafiki wa mbali. Ule ulikuwa woga, lakini ulikuwa na akili ndani yake. Uliwafanya wapange.

Sasa tazameni mfano wa watu wasioogopa kabisa. Hauko mbali, uko Kongwa, mkoa wetu huu huu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ujumbe wa wataalamu ulikuja Tanganyika, ukazunguka majuma machache, mara kwa gari mara kwa ndege, ukarudi na mpango wa kulima karanga eka zaidi ya milioni tatu. Milioni tatu, ndugu zangu! Sisi tunatetemeka kwa moja. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa. Yaliletwa matingatinga yaliyotumika vitani. Walijipangia kulima eka 150,000 katika mwaka wa kwanza, wakaishia kupanda kama eka 7,500 tu.

Kwa nini? Ardhi ya Kongwa ikikauka inakuwa ngumu kama saruji, majembe yakavunjika na kulika. Mizizi ya vichaka ikawashinda. Mvua haikuja kama ilivyoandikwa kwenye makaratasi yao. Na karanga, kama kila mama hapa anavyojua, huwezi kuing'oa katika udongo uliokwisha kukaza, inabaki chini. Mpaka Januari 1951 serikali yao ikaufuta mpango, na fedha zilizopotea zilikuwa zaidi ya pauni milioni 36. Hawa hawakukosa fedha, hawakukosa mashine, hawakukosa elimu, na ujasiri walikuwa nao wa kupita kiasi. Walikosa kulima kwanza kishamba kidogo kwa msimu mmoja au miwili ili ardhi iwafundishe. Na sisi, ndugu wananchi, mwaka jana tulifanya Kongwa ndogo pale korongoni. Tusicheke sana.

Lakini kuna mfano mwingine, nao ni wetu wenyewe. Wengi katika mkutano huu tumejua kusoma ukubwani. Mnakumbuka siku ya kwanza ya kisomo? Mtu mzima, una watoto, una heshima yako, unaketi kwenye benchi, na mbele yako ubao umejaa maandishi. Ulipoutazama ubao mzima kwa mpigo uliona kama kundi la siafu. Mioyo ilidunda. Wapo walioaga kwamba wanakwenda kuangalia mbuzi na hawakurudi siku ile. Tuliobaki, mwalimu alifanya nini? Alifuta ubao wote. Akaandika herufi moja, a. Kesho yake e. Baada ya juma tukaandika "baba", na ukatutoka mkono wenye jasho lakini neno lilisomeka.

Na Taifa lilifanya hivyo hivyo. Mwaka 1967 karibu watu wazima wawili kati ya watatu katika Tanzania Bara hawakujua kusoma wala kuandika. Hilo lilikuwa shamba kubwa kuliko Kongwa. Lakini halikulimwa lote kwa siku moja. Kuanzia 1968 lilijaribiwa tuta la kwanza katika mikoa ya Ziwa, pamoja na UNESCO, kwa vitabu vya kusomea vilivyosema habari za pamba, ndizi, ng'ombe na uvuvi, yaani kazi ambazo watu wanazijua kwa mikono. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere akautangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wilaya sita zikachaguliwa zitangulie kufuta ujinga: Ukerewe, Mafia, Masasi, Kilimanjaro, Pare na Dar es Salaam. Nchi nzima ikafuata baadaye. Katika mitihani ya mwaka 1986 ilionekana wasiojua kusoma wamebaki kama mmoja katika kila kumi. Mnaona njia ilivyo? Herufi, neno, sentensi. Tuta, safu, shamba.

Haya basi, tufanye kama mwalimu wetu. Tufute ubao. Tuichukue eka ile tuiandike upya, pole pole, kwa namba.

Juma lililopita sisi wa kamati pamoja na wanakisomo wa darasa la jioni tulikwenda shambani na kamba, mambo na daftari. Tulipima kwa hatua ndefu za mtu mzima. Tuta letu tumelifanya upana hatua moja na urefu hatua kumi. Kwa nini hatua moja? Ili mtu achuchumae njiani afike katikati kwa mkono bila kukanyaga udongo. Kati ya tuta na tuta njia ya nusu hatua, na kila mwisho wa tuta njia ya hatua nzima, mwenye debe kichwani apite. Tukapiga hesabu: safu sita, kila safu matuta arobaini na sita. Jumla 276.

Namba hiyo ikatutisha zaidi, si ndiyo? Ngojeni kidogo.

Tukauliza: tuta moja linakunywa maji kiasi gani kwa siku katika jua hili la Dodoma na upepo huu wa kiangazi? Debe mbili, moja asubuhi na moja jioni. Basi matuta 276 yanataka debe 552 kila siku. Tukaenda kisimani. Tukateka na kuhesabu kwa vijiti, kila debe kijiti kimoja. Asubuhi debe 80 kabla maji hayajawa tope. Jioni debe 60. Jumla 140. Palepale tukaelewa mwaka jana ilikuwaje. Matuta mia yalitaka debe 200, kisima kinatoa 140. Tangu siku ya kwanza debe 60 hazikuwapo, na zisingekuwapo hata kama tungejituma mpaka tuzimie. Kumbe hatukushindwa na uvivu. Tulishindwa na kutoa.

Basi sisi kwa furaha tukaandika daftarini: debe 140, gawanya kwa mbili, matuta 70. Tukafunga daftari, tukaanza kuondoka.

Hapo ndipo mama mmoja wa darasa la jioni, ambaye tangu ushirika huu uanze hajawahi kusimama kusema mkutanoni, alituita. Aliuliza, "Ndugu Katibu, kisima mmekipima mwezi gani?" Tukasema, huu, Mei. Akasema, "Mimi ninateka pale Oktoba. Mwezi huu ukiteka debe mbili, Oktoba unapata moja, nyingine unaingoja mpaka jua liwe juu. Ndiyo maana mimi ninaogopa."

Ndugu wananchi, tulinyamaza wote. Mwaka mzima tumemwita mama yule mwoga. Na woga wake ndio uliokuwa umebeba namba tuliyoikosa sisi wenye kalamu. Tukafungua tena daftari, tukamwomba aandike mwenyewe. Akaandika 70, kwa mwandiko wake, akipumua kwa nguvu. Nusu ya 140. Debe 70 kwa siku, Oktoba, kisima kikiwa kimechoka. Hiyo ndiyo namba ya kupangia, siyo ile ya Mei yenye kutupendeza.

Basi mpango tunaouleta kwenu ni huu. Kiangazi hiki hatulimi eka. Tunalima matuta thelathini. Thelathini tu, safu moja isiyojaa, ile iliyo karibu na kisima. Yanataka debe 60 kwa siku, zinabaki kumi za akiba. Sisi wanachama tuko ishirini. Kila mmoja debe tatu kwa siku. Tatu! Nani hapa hawezi debe tatu? Na tuwe wawili wawili, ili mwenzako akiugua au akifiwa, tuta lisife naye.

Wala hatuchimbi thelathini kwa siku moja. Tunachimba matano kwa juma, majuma sita. Juma la kwanza likitufundisha kosa, juma la pili tunalirekebisha likiwa bado dogo. Kosa la matuta matano ni somo. Kosa la matuta mia ni msiba, tumekwisha uona.

Matuta yenyewe yasiinuke juu kama ya nchi za mvua. Tuyachimbe yazame kidogo kama sinia, kingo zibaki juu, ili maji yakae kwenye mizizi yasikimbie. Kila tuta debe mbili za samadi iliyokwisha kuoza. Jumla debe 60, na mazizi ya hapa yanayo, tena wenye ng'ombe wamesema tuchukue bure mradi tulisafishe zizi. Samadi mbichi msiilete, inaunguza miche. Juu tutandaze nyasi kavu nyembamba ili jua lisinyonye maji. Tunajua mchwa wa kwetu hawakawii, basi kila zamu ya jioni ifunue na kukagua. Kumwagilia ni asubuhi na mapema na jioni jua likipoa. Maji ya saa saba mchana ni zawadi kwa upepo.

Tupande nini? Matuta kumi ya mchicha, nayo tusisie yote pamoja, bali nusu kwanza na nusu nyingine baada ya majuma mawili, ili sokoni tusipeleke mzigo mara moja kisha tukae mikono mitupu. Mchicha unachumwa baada ya majuma matatu mpaka manne. Ndiyo maana tunautanguliza. Mtu mwoga anahitaji kuona kitu mapema. Senti ya kwanza ya mchicha itatupa moyo kuliko hotuba hii yote.

Matuta manane ya sukuma wiki, ambayo ukiitunza unachuma majani muda mrefu. Matuta manane ya nyanya, miche ioteshwe kwanza kitaluni chini ya kivuli cha nyasi, upande usio na upepo, kama mwezi mmoja, ndipo ihamishwe. Nyanya ina faida lakini ina maadui, na huyu mdudu tunayemwita kanitangaze mnamjua, jina lake linasema yote. Kwa hiyo manane yanatosha, tusiweke roho zetu zote kwenye nyanya. Mwisho matuta manne ya vitunguu. Manne tu, kwa sababu kitunguu kinakaa shambani miezi mingi na ndicho kilichotuumiza. Hatukikimbii, lakini safari hii tunakisalimia kwa mbali. Jumla thelathini.

Mtauliza, na sehemu iliyobaki je, yale matuta 246? Hiyo ni ya mvua. Miezi ya kiangazi tutaisafisha kidogo kidogo, tutaizungushia miiba mbuzi wasiingie, tutamwaga samadi. Desemba mvua ikija, kisima cha Mungu hakina foleni. Hapo tutapanda mtama, uwele, kunde na karanga. Mlenda utaota wenyewe, akina mama watauchuma na kuukausha kama walivyofundishwa na mama zao. Kwa hiyo eka nzima itatumika, ila kila sehemu kwa wakati wake. Mwenye shamba akija hatakuta pori. Atakuta mpango, na atakuta watu ndani yake.

Wapo vijana waliouliza habari za zabibu, kwa kuwa Dodoma ndiyo nchi ya zabibu na inavunwa mara mbili kwa mwaka. Wazo zuri. Lakini mzabibu unataka nguzo, waya, maji na subira, na mkataba wetu umebaki miaka miwili. Tuliandike katika ukurasa wa nyuma wa daftari. Halijakataliwa, limepangwa foleni.

Sasa neno la kisomo. Daftari la bustani halitashikwa na sisi wa kamati peke yetu. Kila juma watalishika wawili, mmoja anayejua sana na mmoja anayejifunza. Wataandika mambo manne tu: tarehe, debe zilizotekwa, kilichopandwa au kuchumwa, na fedha iliyoingia au kutoka. Mwandiko mbaya si dhambi. Kosa la tahajia halikaushi mchicha. Lakini siku isiyoandikwa imepotea, na mwakani tutarudi kubishana tena nani alijituma na nani hakujituma. Kila Jumamosi ukurasa wa juma utasomwa kwa sauti mbele ya wote, na namba kubwa zitaandikwa hapa ukutani, za faida na za hasara.

Na wale wenye woga, wasiuweke moyoni. Waulete mkutanoni kama mama yule alivyouleta. Ila tuwe na utaratibu. Mtu asiseme tu "haiwezekani" akaketi. Aseme anaogopa nini: maji, wadudu, wezi, uzee wa mgongo wake, au aibu ya kuchekwa. Kila woga utaandikwa mstari wake, na mbele ya mstari tutaandika jibu letu. Kama ni wa kupimika, tutakwenda kupima siku hiyo hiyo. Kama jibu hatuna, hatupandi sehemu ile mpaka lipatikane. Mzee mmoja ametuambia mgongo wake hauwezi debe tatu. Jibu tumeliandika: yeye atakaa kitaluni kivulini, atalinda miche na kufukuza kuku. Kazi ile mwaka jana ilikosa mtu, na miche mingi ililiwa. Kuna mama kasema anaogopa kutembea korongoni alfajiri peke yake. Jibu: wawili wawili, kama tulivyosema. Mmoja amesema anaogopa kwamba viongozi watakula fedha. Jibu ni ukuta huu, na namba juu yake kila Jumamosi.

Aibu ndiyo ngumu zaidi, hiyo haipimwi kwa debe. Wenzetu wawili walituacha mwaka jana kwa sababu ya maneno ya watu. Tumekwenda kwao, tumekaa, tumesema kosa lilikuwa letu. Mmoja amesema atarudi akiona tuta la kwanza limechimbwa. Mwingine bado. Mlango uko wazi, na asisemwe vibaya na mtu yeyote hapa.

Ndugu wananchi, tunafunga. Jumapili ijayo baada ya ibada tutapiga kura kwa kunyoosha mikono: shamba lirudishwe au libaki. Hatutamlazimisha mtu. Kongwa waliamriwa kutoka mbali, na sisi mwaka jana tuliamrisha kutoka karibu, matokeo yalifanana. Anayetaka lirudishwe asimame aseme sababu zake, nasi tutaziandika kama nyingine. Lakini kabla ya kura, tunaomba kitu kimoja. Jumamosi, saa moja asubuhi, njoni shambani. Kila mmoja aje na jembe au debe, na wenye ng'ombe waje na samadi. Tutachimba matuta matano. Siyo eka, siyo thelathini. Matano, kwa watu ishirini. Kabla jua halijakali tutakuwa tumemaliza na kumwagilia, debe kumi tu. Halafu tusimame pembeni tuyatazame hayo matano, tusiitazame eka.

Kisha Jumapili tukapige kura tukiwa na udongo kwenye kucha.

Haba na haba hujaza kibaba. Ushirika ni nguvu.

Katibu wa Tawi,
kwa niaba ya kamati na darasa la jioni la kisomo.
Mwenye neno la kuongeza aandike hapa chini. Penseli imefungwa kwa kamba kwenye msumari.